Kibanda cha Futi Nane kwa Kumi

Kamwokya, Kampala
11 Februari 2024

Mdogo wangu Oketch,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima. Magoti yananilalamikia alfajiri tu, ikifika saa nne yanakuwa yamenyamaza. Natumaini wewe, Moreen na watoto mko salama, na kwamba mvua imewakumbuka.

Usishtuke kupata karatasi. Simu ninayo na chaji ipo. Lakini mwaka 2011 uliniambia kwa simu kwamba nyumba ya baba nikishaiezeka, chumba cha nyuma ni changu. Niliezeka. Mabati arobaini na mawili, niliyahesabu mwenyewe yakipakiwa. Krismasi nilipokuja nikatandikiwa mkeka sebuleni, chini ya mabati yangu, na wewe ukasema hukumbuki kutamka neno chumba. Basi kuanzia leo tutaandikiana. Andika Kiswahili kama tulivyozoea kule kota za reli, maana Kijaluo changu cha kuandika unakijua kilivyo. Nyongesa, yule dereva wa lori la mbao, anapita Busia kila wiki, wakati mwingine mara mbili. Ataacha barua kwenye meza ya Moreen sokoni na kuchukua jibu.

Jambo lenyewe ni fupi. Mwenye kiwanja changu cha kazi ameuza. Panajengwa ghorofa. Tumeambiwa tuwe tumeondoka kufikia mwisho wa Julai, mimi na wauza matairi na yule mama wa chapati mayai. Nimekaa hapa miaka ishirini na sita. Nilianza kwa kuwapikia maseremala, nikaishia kuwaajiri. Sasa nina miaka hamsini na saba na sina hamu ya kuanza tena pembeni mwa barabara nyingine, nikingoja mwingine naye auze.

Nataka kurudi nyumbani. Nilale huko, niamke huko, nilime sukuma wiki, nifuge kuku, nizeeke. Chumba chako sikitaki tena. Naomba kipande cha ardhi ndani ya boma la baba, nyuma ya lililokuwa jiko la mama: futi kumi na mbili kwa kumi na nne. Nitajenga mwenyewe, sitamwomba mtu hata msumari.

Jibu ndiyo au hapana.

Dada yako,
Phelister


Nyumbani, Ugenya
3 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku hatujambo. Moreen anakusalimu, mgongo wake umepoa. Watoto wanasoma. Mvua ilitutisha siku mbili ikaondoka. Nimefurahi kusikia wewe ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeketi.

Dada, unajua unachoniomba. Binti hajengi ndani ya boma la baba yake. Sikuitunga mimi. Ungekuwa umeolewa ungejengewa kwa mumeo, na yule wa Kyambogo uliyekaa naye hakuleta hata mbuzi mmoja. Kwa hiyo kwa wazee wewe bado ni msichana wa hapa, na msichana hana nyumba. Nilimwendea baba mdogo Ong'wen nikamweleza. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Oketch, umezika watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akasema, "Basi unajua kuhesabu."

Wewe utacheka, wewe ni mtu wa Kampala. Lakini mimi ndiye niliyebeba yale masanduku mawili madogo, na hakuna daktari aliyenieleza kwa nini. Wazee wanasema ni chira, kwamba kuna mwiko ulivunjwa hapa bomani. Siwezi kuvunja mwingine kwa macho makavu huku nina watatu waliobaki.

Ila nimewaza. Vile vibanda vidogo vya mbao unavyowatengenezea matajiri wa Bukoto, vya kuweka majembe bustanini, hivyo si nyumba. Hata Ong'wen alikubali kwamba stoo ya majembe si nyumba. Ungeweza kuleta kimoja, kikakaa bustanini, na wewe ukija ukawa na mahali pa kuweka vitu vyako. Mengine tutayaona taratibu. Lakini kisiwe na msingi wa saruji, kisiwe na mafiga, na kisiwe na dirisha.

Usikasirike.

Mdogo wako,
Oketch


Kamwokya
17 Machi 2024

Oketch,

Salamu kwako, kwa Moreen na kwa mgongo wake. Mimi ni mzima. Juzi nimebeba ubao wa futi kumi na nne peke yangu, vijana wakabaki kunitazama.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Hapana, acha niandike kazi.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Bukoto na picha kwenye simu. Alikaa kwangu saa mbili kamili akichagua kibanda. Kiangalie mashariki au magharibi? Rangi ya kijani au ya udongo? Joto la ndani halitaharibu mpini wa reki? Nilimjibu yote kwa adabu. Alipoondoka nikamwambia Saverio, fundi wangu mkuu, "Reki ya yule mama italala vizuri kuliko mimi." Saverio ni mtu wa Gulu, hacheki ovyo. Alisema, "Basi mama jichagulie na wewe. Kwani iko shida gani?"

Basi nimejichagulia. Kiwandani kwangu viko vya aina tatu, na nakueleza yote ili kesho usiseme hukuelewa.

Cha kwanza ni futi nne kwa sita, paa la mteremko mmoja, mlango mmoja wa inchi ishirini na nne. Ni cha mashine ya kukatia nyasi na mpira wa maji. Mtu akisimama ndani, kichwa kinagusa bati.

Cha pili ni sita kwa nane. Paa la mgongo, sakafu ya mbao juu ya magogo manne, kwa hiyo saruji haihitajiki. Kitanda cha futi sita kinaingia, kinabaki na njia ya futi tatu. Nimepima kwa kamba.

Cha tatu ni nane kwa kumi. Kina dirisha, kina kibaraza cha futi mbili, mtu anaweza kuketi nje akichambua mboga. Hiki ndicho moyo wangu unataka.

Nimechagua cha pili. Nimekutana nawe katikati, na uandike mahali kwamba Phelister siku moja alikubali katikati. Saruji hakuna. Mafiga hakuna, nitapikia nje. Lakini dirisha naomba. Futi moja kwa moja na nusu, juu, upande wa bustani, wala halitazami nyumba ya mtu. Mbao bila hewa zinaoza, na binadamu vilevile.

Na tusidanganyane: nitalala humo. Majembe yatalala chini ya kitanda.

Dada yako,
Phelister


Nyumbani
21 Aprili 2024

Dada,

Salamu. Sote hatujambo, Mungu ni mwema. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasubiri wazee wakutane, na wazee hawakutani mpaka mmoja amalize kupanda mahindi.

Nilipeleka vipimo vyako vyote kama ulivyoandika. Nilisoma barua, niliruka tu pale pa kulala. Lakini Ong'wen si mjinga. Aliuliza, "Jembe gani lina urefu wa futi nane?" Watu wakacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Wamekubali kile cha kwanza. Nne kwa sita. Dirisha hapana. Na kuna jambo moja wamelisisitiza, nalo ni komeo. Komeo liwe la nje tu. Kinachofungwa kutoka nje ni stoo. Kinachofungwa kutoka ndani, kina mtu, na kikiwa na mtu ni nyumba. Hilo hata mimi sikuwahi kulifikiria, lakini ukilitafakari lina maana yake.

Moreen anasema uje hivyo hivyo, utakuwa unalala jikoni kwake mpaka tuone.

Mdogo wako,
Oketch


Kamwokya
5 Mei 2024

Oketch,

Salamu. Mimi ni mzima.

Nina urefu wa futi tano na inchi nane. Kwenye kibanda cha nne kwa sita, ukitoa unene wa mbao, ndani zinabaki futi tano na inchi saba. Maana yake nilale nimejikunja, gizani, bila hewa, na mlango mnifungie ninyi kwa nje.

Wiki hii tumepeleka banda la mbwa kwa mteja hapo Bukoto. Futi tano kwa saba, madirisha mawili. Mbwa mmoja.

Mwambie Moreen asante kwa jiko. Yeye peke yake katika boma lile amenipa kitu ambacho ni chake kweli. Mwambie Ong'wen kwamba mabati arobaini na mawili yana urefu wa futi kumi kila moja, na hakuna aliyeuliza yanaezeka jembe gani.

Sitaandika mpaka uwe na jingine la kusema.

Phelister


Nyumbani
16 Juni 2024

Dada yangu mpendwa sana,

Salamu nyingi, nyingi sana. Hali yako ikoje? Unalala? Unakula? Unapata mtu wa kukuchotea maji? Sisi hapa tupo, tunakuombea kila jioni, watoto wote watatu kwa majina yao wanakutaja.

Dada, nisamehe kwa barua ya Aprili. Nimelia. Nilikwenda tena kwa wazee, safari hii na Moreen, na unamjua Moreen akiamua. Alimwambia baba mdogo mbele ya watu, "Huyu ndiye aliyeezeka nyumba mnamokaa kumhukumu." Wamekubali. Wamekubali yote. Chagua kile kikubwa, nane kwa kumi, chenye kibaraza. Weka dirisha, weka hata mawili. Komeo weka la ndani. Mahali ni palepale ulipoomba, nyuma ya jiko la mama, ndani ya ua. Nimeshapasafisha mwenyewe.

Usijichoshe na kazi. Usikawie pia. Tunataka uje ungali na nguvu za kusafiri.

Mungu akushike mkono. Akupunguzie maumivu.

Mdogo wako akupendaye,
Oketch


Kamwokya
30 Juni 2024

Oketch, mdogo wangu,

Salamu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, nikampa Saverio asome kama yale maneno yapo kweli. Yapo.

Sijui niseme nini. Mimi mtu akinipunja najua la kumwambia. Mtu akinipa, ulimi unakuwa ubao. Basi pokea asante hii moja, ni nzima, haina ufa.

Mwandiko ukiuona umepinda, ni kwa sababu karatasi inateleza. Mwezi wa tano msumeno wa mashine ulinichukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, kidogo na nusu ya kile kinachofuata. Kosa langu, nilikuwa nakata huku nabishana na wewe kichwani. Kidonda kiliingia uchafu, nikalazwa kliniki siku nane na dripu, nikakonda kama fito. Sasa kimepona, nakula, nimerudi kwenye uzito wangu kasoro kilo mbili. Sikukuambia kwa sababu sikuwa nakuandikia.

Sasa kibanda. Wateja wote niliowauzia hawajawahi kunisumbua kama nilivyojisumbua. Mbao nilizitaka paini, ni nyepesi kusafirisha. Lakini paini na mchwa wa kwetu ni jirani wabaya. Nimechukua mkaratusi uliokaushwa miezi saba, umepakwa dawa mara mbili. Kuta ni mbao za kupandana, inchi moja juu ya nyingine, mvua isipate njia. Nilitaka dirisha lielekee mashariki, Saverio akasema, "Mama, jua itakuchoma asubuhi." Nikamwambia miaka ishirini na sita nimeamshwa na honi za bodaboda, niachie jua linichome. Yuko sahihi, lakini litaelekea mashariki.

Bawaba sita. Komeo la shaba, la ndani. Nimelifunga na kulifungua mara nyingi kiwandani, vijana wakadhani lina kasoro.

Saverio anakuja nacho tarehe tisa Julai kwenye lori la Nyongesa, vipande kumi na kimoja vilivyopigwa namba. Atakisimamisha siku mbili. Mpeni ugali wa kutosha, ana tumbo la watu wawili. Mimi nitafuata tarehe ishirini na tisa nikishakabidhi kiwanja.

Dada yako mwenye furaha, nimeandika, usicheke,
Phelister


Kamwokya
14 Julai 2024

Oketch,

Salamu. Mimi ni mzima. Nasema tena na kuikolezea wino: mimi ni mzima.

Saverio amerudi jana. Nilimwekea chai, nikauliza kibanda kimesimamaje. Akaangalia kikombe.

"Kimesimama vizuri, mama. Level iko sawa. Lakini ile watu yako..."

"Watu wangu wamefanya nini?"

"Nimefika tu, mama moja ananishika mkono, anasema pole sana fundi, pole sana. Mimi nauliza, pole ya nini? Lori haikuanguka. Anaanza kulia."

Nikadhani amekunywa njiani. Akaendelea.

"Jioni wazee wanakuja kuangalia kazi. Moja anauliza, fundi, huyu mama amebakiza wiki ngapi? Nasema wiki mbili. Nilifikiri anauliza ya safari! Wote wanatikisa kichwa. Halafu anauliza kama sanduku nitatengeneza mimi huko Kampala ama watafuta mtu ya hapa. Nasema sanduku ya nguo? Banange, mama! Wananiangalia kama mimi ndiyo nakuua."

Kisha akanieleza habari ya vigingi. Vinne, hatua tano kutoka kwenye kibaraza changu, na kamba imezungushwa. Saverio ni fundi, haoni kamba bila kupima. Futi saba kwa tatu. Na mawe yameshakusanywa pembeni, na kuna kamati, ina mwenyekiti na daftari la michango.

Nieleze, Oketch. Kwa mwandiko wako. Nani amekufa?

Phelister


Nyumbani
21 Julai 2024

Dada,

Salamu. Sijui niulizeje hali yako safari hii.

Nitaeleza. Mwishoni mwa mwezi wa tano Nyongesa alikuja bila barua. Moreen akamuuliza, akasema alikukuta kliniki, umelala na dripu, mifupa mitupu, macho yameingia ndani. Akasema, "Yule mama sidhani kama atarudi kiwandani." Tukajumlisha. Ulikuwa umeomba kurudi nyumbani ghafla, wewe ambaye kwa miaka ishirini na sita ulikuwa unakuja siku mbili na kuondoka ya tatu. Ulikuwa umekasirika kuliko kawaida. Moreen akasema, "Amekuwa akijua tangu Februari, ila hawezi kutamka." Tukalia wote wawili.

Ndiyo nikaenda kwa wazee. Na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Baba mdogo mwenyewe alisema binti anayekuja kufa hajengi, anapita. Anaweza kupewa mahali pa kulala siku zake, na akalala ndani ya ua, kwa sababu yeye ndiye aliyeufunika mji kwa bati. Walikubali kwa heshima, dada. Kuna mmoja aliyetoa ng'ombe. Hawajawahi kumfanyia binti yeyote jambo kama hilo, nami nilijivuna kwa ajili yako.

Barua yako ya Juni ilipokuja na ile habari ya vidole, nilidhani unatufariji. Mgonjwa husema amepona.

Sasa nimewaambia kwamba u mzima. Sikuweza kunyamaza, Saverio alishasema sokoni. Ong'wen akasema, "Tunamshukuru Mungu kwa uzima wake," na katika pumzi hiyohiyo akasema kibali kimekwisha. Kibanda kibaki kwa majembe. Mgonjwa walimkubali, mzima hawakumkubali. Komeo la ndani wameniambia niling'oe, nikaling'oa jana. Nimelifunga kwa kitambaa, nimekuwekea.

Mimi nifanye nini? Nina watoto watatu. Najua ni vibaya kuandika haya, lakini usiku mzima nimelala nikiwaza kwamba ungekuwa mgonjwa ingekuwa rahisi. Nisamehe. Nimeandika kwa sababu ulisema tusidanganyane.

Moreen hasemi nami.

Mdogo wako,
Oketch


Kamwokya
25 Julai 2024

Oketch,

Karatasi hii ni yako peke yako. Ukimaliza, Moreen aisome, kisha iingie jikoni motoni. Ya pili utaisoma mbele ya wazee, kwa sauti, bila kuruka mahali.

Nimepiga hesabu zangu. Kiwanja hiki Jumatano si changu. Mashine nimewaachia vijana, Saverio atawaongoza huko watakakopata nafasi. Chumba ninachopanga hapa Kamwokya kina ukubwa wa kibanda cha pili, na majirani wananiita mama wa Kenya miaka yote hii, hakuna anayejua jina la baba yangu. Kwenu nina mahali pawili: pa nane kwa kumi, na pa saba kwa tatu. Mmenikubalia padogo bila kubishana. Pakubwa mmeninyima kwa sababu napumua.

Ulisema ningekuwa mgonjwa ingekuwa rahisi. Nimelifikiria neno lako kama ninavyofikiria ubao: linabeba nini, litavunjikia wapi. Linabeba.

Basi nitakuja mgonjwa.

Usinihubirie. Najua ninachokata. Sitashika randa tena mahali wanaponiona. Sitabeba maji. Sukuma wiki nitakayokula atailima Moreen, na mimi nitaketi kibarazani na shuka begani nikimwangalia anavyokosea mistari. Nikicheka nitacheka kwa ndani. Sijawahi kulala mchana maishani mwangu, nitajifunza. Watu watakuja kunitazama wahesabu siku, na mimi nitawaona wanahesabu. Wakichoka kungoja nitazidiwa kidogo, kisha nipate nafuu kidogo. Mkono wangu wa vidole vitatu utanisaidia, watu huamini wanachokiona kimepungua.

Chira unayoiogopa, kama ipo, iandike kwa jina langu. Mwambie Mungu wako jioni unapoomba kwamba Oketch alidanganywa. Nakuachia hilo. Najua una watatu, na majina yao nayajua kuliko unavyodhani.

Komeo lirudishe.

Nyongesa ananipakia Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa, na nimemwambia anibebe kama mayai. Ukiamua kutoisoma karatasi ya pili, usimtume mtu kunizuia Busia. Njoo mwenyewe, unitazame, useme kwa mdomo wako kwamba nirudi nikafie pengine.

Dada yako,
Phelister

*

Kampala
25 Julai 2024

Kwa baba mdogo Ong'wen, na wazee wote wa boma la marehemu baba yangu,

Nawasalimu kwa heshima.

Nasikia mmeambiwa kwamba mimi ni mzima. Aliyesema hivyo ni fundi wangu, naye nilimficha. Mdogo wangu Oketch pia nilimficha, kwa sababu ana moyo laini. Ninyi ni wazee wangu, siwezi kuwaficha.

Ugonjwa ni wa ndani. Vidole vilikuwa mwanzo tu. Daktari amesema nisipange mambo ya kuvuka mwaka.

Sikuja kujenga. Naomba kupita. Naomba kulala siku nilizobakiza katika kile kibanda, kisha mnilaze hapo mlipopima. Nimeelezwa vipimo, vinanitosha. Aliyetoa ng'ombe namshukuru, lakini amlishe kwanza, asimchinje bado.

Nikichelewa, mnivumilie. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuchelewa kumaliza.

Mimi siwezi kusema ni mzima. Natumaini ninyi nyote mko wazima.

Binti yenu,
Phelister